Muulize Shangazi: Cheti cha kifo kisingoje arobaini

Mwezi huu barua zenu nyingi zimekuja na swali moja lililovaa nguo tofauti: cheti cha kifo. Nimekaa kiti cha mtendaji wa kata hapa Tanga miaka 22 kabla sijastaafu, na jambo hili limepita mezani kwangu mara zisizohesabika, kwa hiyo safari hii nimeweka pembeni barua za ndoa na za wapangaji. Ya kwanza nimeiacha na urefu wake, maana wengi wenu mtajiona humo.

Shikamoo Shangazi. Baba yetu alifariki mwaka jana, usiku, nyumbani kwetu Makorora, baada ya kuugua sukari muda mrefu. Tukamzika kesho yake baada ya adhuhuri. Hatukumpeleka hospitali wala hatukuandikisha popote. Mama akaingia eda, mimi nikarudi kazini Dar es Salaam. Siku ya arobaini tulipokaa kikao cha mirathi, mjomba akauliza cheti kiko wapi, kila mtu akamtazama mwenzake. Sasa mdogo wangu wa kike amemaliza kidato cha sita, anaomba mkopo wa chuo, na Bodi inataka cheti cha kifo cha baba kilichohakikiwa. Karani wa mahakama ya mwanzo naye kaniambia nianze na cheti. Lingine ni jina: kwenye kitambulisho cha NIDA baba ni Abubakari, kwenye karatasi za kiwanja ni Bakari, na mtaa mzima ulimjua kwa jina la Fundi. Kuna kijana kaniambia nimpe laki na nusu, cheti nitakipata keshokutwa. Nianzie wapi? – Mtoto wa Fundi, Makorora

Marahaba mwanangu. Poleni sana, Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wenu.

Kabla ya yote, hiyo laki na nusu irudishe mfukoni. Huyo kijana ni kishoka. Cheti cha kifo si karatasi tu, ni mstari ulioandikwa kwenye daftari la serikali, na karatasi inatoka kwenye mstari huo. Kishoka anaweza kukuletea karatasi nzuri yenye nembo na muhuri, lakini mstari hana. Mdogo wako akiipeleka kwenye uhakiki, RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, watatafuta namba ile kwenye kumbukumbu zao na hawataiona. Hapo binti atakuwa amekosa mkopo, na wewe utakuwa na kesi ya kughushi. Nimewahi kuona familia inalia mara mbili kwa ajili ya jambo kama hilo, mara ya kwanza msibani na mara ya pili polisi.

Sasa tuje kwenye njia yenyewe. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30. Ninyi mmepitisha, lakini hamjafungiwa mlango. Usajili wa kuchelewa upo, ila ada yake ni kubwa zaidi na ushahidi utakaoombwa ni mwingi zaidi.

Anzia mtaani, pale pale alipofia mzee. Usianzie Dar es Salaam kwa kuwa ndiko unakoishi. Kifo huandikishwa wilaya kilikotokea. Nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, akuandikie barua kwamba marehemu alikuwa mkazi wake, alifia nyumba ile, tarehe ile. Barua hiyo uipeleke kwa mtendaji wa kata. Mtu akifia hospitali, hospitali ndiyo inayotoa tangazo la kifo. Akifia nyumbani, kazi hiyo ni ya mtendaji. Ukishapata tangazo ndipo uende kwa msajili wa wilaya, ambaye utampata kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Wazee wengine watakuambia nenda "kwa Kabidhi Wasii". Ni jina la zamani, kabla RITA haijaanzishwa mwaka 2006.

Ukifika kwa mtendaji usiende mikono mitupu, wala usiende peke yako. Nakuambia hili kwa kuwa nilikuwa upande wa pili wa meza. Mtendaji wa leo huenda hakuwepo kwenye kata hiyo mwaka jana. Hamjui baba yako. Anaombwa aweke sahihi kwamba mtu fulani amekufa, na anajua kuna watu huwaandikisha ndugu zao walio hai ili wauze kiwanja. Kwa hiyo mpe sababu ya kukuamini. Nenda na kitambulisho cha marehemu, chako mwenyewe, cheti chako cha kuzaliwa chenye jina la baba, karatasi za kliniki ya sukari zinazoonyesha alikuwa akitibiwa, na muhtasari wa kikao cha familia kama mliuandika. Halafu nenda na watu wawili: imamu aliyesimamisha jeneza, na mtu aliyemwosha.

Nilikuwa na kaunta buku langu, gamba jeusi na mgongo mwekundu. Kila msiba wa nyumbani niliouletewa niliuandika humo kwa mkono hata kama familia haikuja kudai fomu: tarehe, jina, umri, nyumba, aliyeleta habari. Mwisho niliongeza safu yangu ambayo hakuna aliyeniagiza: aliyeosha. Nilikuwa nimegundua kwamba miaka ikipita, ndugu hubishana hata mwezi. Mwenye nyumba atasema ilikuwa kabla ya Ramadhani, shangazi atasema baada. Lakini mwoshaji hasahau. Ukimuuliza atakuambia: ilikuwa Jumatano, maji ya bomba hayakuwepo, tulichota kisimani kwa jirani, marehemu alikuwa na kovu kwenye goti la kushoto. Kauli ya namna hiyo ikiandikwa na kutiwa sahihi, mtendaji anapata pa kusimama.

Mama yako asijitese. Ninajua yaliyowapitia: mjane ana miezi minne na siku kumi za eda, kutoka nje kwenda ofisini inakuwa mzigo, na watoto mkadhani kwa kuwa yeye ndiye mke basi ni lazima aende yeye. Si lazima. Ndugu yeyote aliyekuwepo anaweza kutoa taarifa, na hata mwenye nyumba alimofia mtu anaweza. Ungeweza kwenda wewe asubuhi ya siku ya tatu, kabla hujapanda basi.

Naomba hapa wasomaji wote mnisikilize, kwa sababu huku pwani ndipo tunapoponzwa. Siku ya tatu matanga yanaondolewa, watu wanatawanyika, na mambo yote ya marehemu yanaahirishwa hadi arobaini: madeni, nguo, kiwanja, watoto. Arobaini ni siku 40. Sheria inahesabu 30. Zile siku kumi ndizo zinazozikamata familia nyingi, na wala si uzembe. Ni heshima tunayompa marehemu, hatutaki kuonekana tunakimbilia mali yake udongo haujakauka. Lakini kuandikisha kifo si kugawa mali. Kumwandikisha ni kusema mtu huyu alikuwepo, na siku fulani aliondoka. Siku ya tatu, kabla mkeka haujakunjwa, mteueni mtu mmoja wa karatasi kama mnavyoteua wa kwenda sokoni na wa kusimamia jiko. Apewe kitambulisho cha marehemu na nauli ya bajaji, aende.

Kuhusu jina. Mwanangu, hili lisikuchanganye ila lisikupite. Kwenye tangazo andikisha jina lililo kwenye kitambulisho cha NIDA, herufi kwa herufi, maana ndilo litakalolinganishwa. Jina la Fundi libaki barazani. Kisha kwa ajili ya kile kiwanja nenda kwa wakili au hakimu, uape kiapo kwamba Abubakari na Bakari ni mtu mmoja, na kiapo hicho kikae pamoja na cheti kila utakapokwenda. Usikubali mtu akushauri kuweka majina yote mawili kwa alama ya mkwaju ili "kurahisisha". Kila ofisi utakayofika watakuuliza upya.

Nakumbuka bibi mmoja wa Pongwe aliyekuja na fundo kwenye pindo la khanga. Alilifungua kwa meno. Ndani mlikuwa na kipande cha mumewe cha shamba la mkonge, kadi iliyokunjwa mpaka mikunjo imekuwa matundu, wino umegeuka rangi ya kutu. Ndiyo karatasi pekee duniani yenye jina la yule mzee kamili, la kwake na la baba yake. Kadi ya kura ilikuwa imekosewa, ya hospitali ilikuwa na jina la utani. Kipande kile cha mkonge ndicho kilichotusaidia. Kwa hiyo usitupe karatasi ya mzee hata kama inanuka panya: risiti za kodi, kadi za chama, kitabu cha benki. Pekueni kabati lake vizuri kabla ya kwenda.

Cheti kikishatoka, uhakiki wa mkopo unafanyika kwa mtandao kwenye mfumo wa eRITA. Binti atapakia nakala ya cheti, atapewa kontroo namba, atalipia benki au kwa simu, kisha atasubiri majibu. Afanye mapema, kabla foleni ya waombaji haijajaa. Malipo yote ya cheti nayo ni kwa kontroo namba. Mtu akitaka umpe mkononi, mwombe risiti ya serikali, utaona anavyobadilika sura.

Mirathi mtafungua mahakama ya mwanzo mkishakuwa na cheti na muhtasari wa kikao unaomtaja msimamizi. Hayo nitayaandikia siku nyingine, ni marefu.

Shangazi, mume wangu alifia hospitali, nikapewa karatasi tukazika nayo. Shemeji yangu anasema hiyo ndiyo cheti, nisijisumbue. Ni kweli? – Mama wa watatu, Duga

Si kweli, mdogo wangu. Hiyo ni tangazo la kifo pamoja na kibali cha kuzika. Imekufikisha makaburini, haitakufikisha benki. Mfuko wa hifadhi ya jamii watakurudisha, mahakama itakurudisha. Ichukue hiyo hiyo, uende kwa msajili wa wilaya upewe cheti. Na toa nakala kwanza, kwa sababu yenyewe itabaki ofisini.

Ila kabla hujaondoka nyumbani, keti mahali penye mwanga uisome. Marehemu mama yangu alifia hospitali moja, usiku, mimi nimechanganyikiwa, kaka zangu wako njiani kutoka Korogwe. Karani akauliza jina la mgonjwa kwa jirani tuliyekuwa naye, jirani akasema Bi Mkubwa, maana ndivyo mtaa mzima ulivyomwita. Ikaandikwa Mkubwa. Wakanipa kalamu, nikatia sahihi. Mimi, niliyekuwa nikiwaambia watu kila siku wasome kabla ya kusaini! Ilinichukua miezi saba, viapo viwili na safari nyingi hospitalini kurudisha jina ambalo babu alimpa mama siku ya saba ya kuzaliwa kwake. Sikulaumu sana lile jina, karani aliandika alichosikia. Kilichoniuma ni kwamba kwa miezi ile saba, kwa serikali, mama yangu hakuwa amekufa, na aliyekufa hakuwa mama yangu.

Kwa hiyo angalia jina, jinsia, umri, tarehe na mahali. Kosa likionekana kabla cheti hakijatoka, unarudi hospitali na kitambulisho chake wanasahihisha. Likishaingia kwenye daftari la msajili halifutwi kwa wino mweupe, ni maombi rasmi na ushahidi.

Shikamoo. Kaka yetu alitoka na ngalawa wakati wa kusi, hakurudi. Chombo kiliokotwa kimepinduka, mwili haujapatikana. Tumemsomea hitma. Mtendaji amekataa kutuandikia tangazo la kifo. Ana haki hiyo? – Wavuvi wa Mwarongo

Marahaba. Jambo lenu limenikaa rohoni tangu nilifungue. Bahari imetuchukulia wengi.

Mtendaji wenu amefanya sawa, msimwone ana roho mbaya. Pasipo mwili na pasipo mtu aliyeshuhudia mauti, hana mamlaka ya kuandika kwamba mtu amekufa. Wa kusema hivyo ni mahakama, na mahakama huangalia muda uliopita bila habari zake kwa wale ambao angekuwa hai wangemsikia: mke, mama, wavuvi wenzake.

Kazi yenu kwa sasa ni kutunza ushahidi usipotee. Kama hamjatoa taarifa polisi, katoeni, mchukue namba ya taarifa hiyo muiandike mahali pawili. Waambieni BMU ya bandari yenu, kile kikundi cha kusimamia fukwe na uvuvi, nao waandike kwenye kitabu chao: siku aliyotoka, saa, upepo ulivyokuwa, alikuwa na nani, chombo kiliokotwa wapi na nani. Walioiokota ngalawa watoe maelezo yao leo, wakiwa bado wanakumbuka. Mkipata nafasi, muoneni mtu wa msaada wa kisheria kabla ya kufungua shauri. Na kuhusu mkewe, asikae gizani miaka na miaka kwa aibu ya kuuliza. Aende kwa sheikh wa wilaya amweleze hali yake ya dini, na suala la ndoa kisheria nalo lifike mahakamani.

Mama yetu alikuwa mkazi wa Chumbageni, akaenda Wete kumuuguza dada yake, akafia huko na kuzikwa huko. Cheti tuombe Tanga? – F., Chumbageni

Hapana, ombeni huko huko. Zanzibar ina wakala wake wa usajili wa matukio ya kijamii, na RITA hawana daftari la vifo vya Pemba. Mmoja wenu avuke, apitie kwa sheha wa shehia alikofia mama, kisha ofisi ya wilaya ya wakala huo. Cheti cha Zanzibar kinatumika huku Bara bila wasiwasi, na hata Bodi ya Mikopo inakitambua, ila uhakiki wake utafanyika kwa wakala huyo huyo wa Zanzibar.

Kuna mzee hapa kwetu anasema zamani watu walikufa bila vyeti na mirathi ziligawiwa. Kwa nini sasa tunasumbuliwa? – Kijana wa Amboni

Mzee hajakosea kuhusu zamani. Sheria hii chanzo chake ni 1920, enzi za Mwingereza, na wakati huo kuandikisha vizazi na vifo vyao hakukuwa lazima kwa Waafrika. Babu zetu walihesabiwa kwa ajili ya kodi na kwa ajili ya mkonge. Wakifa walitoka kwenye hesabu kimya kimya. Kwa hiyo hatukurithi desturi hii. Lakini mzee huyo mwenyewe, kama ana nyumba, mwulize kwa adabu: ataiacha kwa nani, na mtu huyo ataonyesha nini? Zamani kiwanja kililindwa na majirani waliojua mpaka wa mnazi. Majirani hao wamehama, na mnazi umekatwa.

Shangazi, naandika hili kwa shida. Mwanangu aliishi siku mbili tu. Nimeambiwa na watu kwamba mtoto mchanga haandikishwi, niache. Mimi sitaki kuacha. Nakosea? – Mama, Mabawa

Hukosei, mwanangu, hata kidogo.

Mtoto aliyezaliwa akiwa hai, hata angeishi saa moja, alizaliwa na alikufa. Anaandikishwa mara mbili, kwenye daftari la vizazi na kwenye daftari la vifo. Nenda na karatasi ya hospitali inayoonyesha siku uliyojifungua na siku aliyofariki, pamoja na kadi yako ya kliniki, na vitambulisho vyenu wazazi. Nenda na mtu unayemwamini, kwa sababu utaulizwa maswali yale yale kwenye madirisha mawili, na huenda anayeuliza akawa kijana asiyejua namna ya kuuliza. Huyo mwenzako ajibu pale wewe utakaposhindwa.

Kama mlikuwa mmeshampa jina, liseme. Fomu ya kizazi ina nafasi ya jina la mtoto. Usikubali iachwe wazi.